Kazi ya kikundi inahitaji daftari la chama

Kila muhula mambo ni yale yale. Mhadhiri wa sayansi ya kompyuta anaingia darasani, anatangaza mradi wa kikundi, anasema mjipange wanane wanane, anatoka. Wiki ya kwanza kikundi kinafungua ukumbi wa WhatsApp na kuupa jina la kishujaa. Wiki ya pili ukumbini kuna salamu na vichekesho. Wiki ya tano mtu anauliza, "Jamani, tumefika wapi?" Hajibiwi. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, mmoja au wawili wako macho mbele ya kompyuta. Asubuhi ripoti ina majina manane kwenye ukurasa wa kwanza, kila jina na nambari yake ya usajili.

Alama zikitoka, wote wanane wamepata 68.

Tukizungumzia jambo hili huwa tunamlaumu mvivu. Ati wanafunzi wa siku hizi hawataki kazi, ati wamezoea kubebwa. Mimi sikubaliani. Wavivu wapo, na walikuwepo tangu zamani. Lakini kikundi hufa kwa sababu nyingine: hakuna anayeona nani amefanya nini. Ukiificha kazi ya kila mtu ndani ya jina la kikundi, hata mwenye bidii atalegea. Ukiiweka wazi, hata mlegevu ataamka.

Na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa kuiweka wazi. Tazama chama chochote, cha akina mama kijijini au cha vijana mtaani. Kuna daftari. Kila mwanachama ana mstari wake, na kila mchango unaandikwa pamoja na tarehe. Mweka hazina akiulizwa, anafungua ukurasa. Sijasikia mtu akisema kwamba daftari la chama ni usaliti. Hata kwenye harambee ya karo, mfawidhi husoma jina na kiasi kwa kipaza sauti, na watu hupiga makofi. Jomo Kenyatta aliifanya "Harambee" kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, na maana yake ni kuvuta pamoja. Lakini kuvuta pamoja hakujawahi kuwa na maana ya kutojua nani ameishika kamba.

Tukiwa bado kwenye kamba, kuna Mfaransa mmoja aliyeipima kweli kweli. Max Ringelmann alikuwa mhandisi wa kilimo, na mwaka wa 1913 alichapisha matokeo ya majaribio yake kuhusu nguvu ya watu wanapovuta kitu peke yao na wanapovuta pamoja. Kwa mujibu wa jedwali lake, watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa karibu nusu tu ya nguvu ambayo angetoa akiwa peke yake. Yaani wanane wanafanya kazi ya wanne! Soma tena hapo, halafu ukumbuke ukubwa wa kikundi chako.

Mwaka wa 1979 Wamarekani watatu, Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins, walirudia wazo hilo kwa njia nyingine. Waliwaambia wanafunzi wa chuo wapige kelele na makofi kwa nguvu zao zote. Kisha wakawafunga macho, wakawavika vifaa vya masikioni, wakawaambia kwamba wanapiga kelele pamoja na wengine, kumbe kila mmoja yuko peke yake. Sauti ikapungua. Mtu alipoamini tu kwamba yuko ndani ya kundi, alijipunguzia kazi, na pengine bila yeye mwenyewe kujua. Mwaka wa 1981 watafiti hao hao walionyesha jambo linalonihusu leo: watu walipoamini kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa peke yake hata akiwa kundini, kule kulegea kulitoweka. Wanafunzi hawakuhubiriwa wala kutishwa. Walijua tu kwamba wanaonekana.

Ndiyo maana nasema tatizo ni mpangilio. Sasa tuone mpangilio mzuri unafananaje.

Kwanza, kikundi kiwe kidogo. Fred Brooks, aliyesimamia mradi wa mfumo endeshi wa OS/360 kule IBM, aliandika kitabu chake The Mythical Man-Month mwaka wa 1975, na humo ndimo ilimotoka kanuni maarufu kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, utachelewa zaidi. Sababu moja ni hesabu rahisi. Watu watatu wana njia tatu za kuzungumza wawili wawili. Wanne wana 6. Watano wana 10. Wanane wana 28. Kila njia ni mahali pengine ambapo mtu anaweza kuelewa vibaya, au kudhani mwenzake ameshaambiwa. Wahenga wa pwani walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na hawakuwa na kompyuta. Ukiruhusiwa kuchagua, chagueni wanne. Mkilazimishwa kuwa wanane, gawanyikeni wawili wawili, na kila jozi ichukue sehemu yake.

Pili, gawaneni kazi vizuri. Hapa ndipo vikundi vingi huanguka siku ya kwanza kabisa. Chukua mfano wa mfumo wa maktaba, maana sijui kama kuna mwanafunzi aliyemaliza bila kukutana nao. Kwa kawaida mgawanyo huwa hivi: wewe hifadhidata, wewe kurasa, wewe msimbo wa ndani, wewe ripoti. Unaonekana wa haki, lakini una sumu mbili. Sumu ya kwanza, wa kurasa hawezi kujaribu chochote mpaka wa hifadhidata amalize, na wa hifadhidata anangoja mpaka wiki ya kumi. Sumu ya pili, yule wa ripoti anamaliza muhula bila kuandika hata mstari mmoja wa programu, na jina lake liko pale pale na wengine.

Gawaneni kwa mambo ambayo mtumiaji atafanya. Mmoja achukue kuazima kitabu, mwingine kurudisha kitabu, mwingine kulipa faini, mwingine kusajili mwanachama. Kila mmoja aandike fomu yake, mantiki yake na maswali yake kwa hifadhidata. Hivyo kila mtu anagusa kila sehemu ya mfumo, na kila kipande kinaweza kuonyeshwa kikifanya kazi. Ripoti iandikwe na wote, kila mtu kuhusu kipande chake.

Lakini kabla ya kutawanyika, kaeni saa mbili mkubaliane kuhusu majedwali. Hili si jambo dogo. Nambari ya simu ni tarakimu au ni maandishi? Mmoja akiihifadhi kama tarakimu, nambari inayoanza na 07 itapoteza sifuri yake ya mbele. Mwingine akiihifadhi kama maandishi, utafutaji wa mmoja hautaona data ya mwenzake. Na mkitaka faini ilipwe kwa M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom, kule nambari inatakiwa ianze na 254. Tarehe nazo: 03/04 ni tarehe tatu Aprili au tarehe nne Machi? Kubaliana kwamba mtaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na hakuna atakayelia wiki ya mwisho. Nimeona miradi ambayo vipande vyake vyote vilikuwa vizuri, kila kimoja kwenye laptopu ya mwenyewe, lakini vilipokutana havikusalimiana.

Tatu, fungueni daftari. Kwetu sisi waandishi wa programu, daftari hilo lipo na ni la bure. Linaitwa Git, na Linus Torvalds aliliandika mwaka wa 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux. Kila badiliko linahifadhiwa na jina la aliyelifanya, tarehe, saa, na maelezo yake. Tusahau habari ya flashi inayozunguka hosteli ikiwa na faili tatu ziitwazo mradi_mwisho, mradi_mwisho_kabisa na mradi_mwisho_kabisa_2.

Kuna wanaoniambia Git inataka intaneti na bando ni ghali. Hapana. Git hufanya kazi yake yote kwenye kompyuta yako bila intaneti. Unahifadhi mabadiliko yako wiki nzima, kisha ukifika penye WiFi ya chuo unayatuma mara moja. Jambo la kuangalia ni jina. Ukitumia kompyuta ya maabara ambayo mtu mwingine ameitumia kabla yako, hakikisha umeweka jina lako mwenyewe, la sivyo jasho lako litaandikwa kwa mwingine. Ukitaka kusoma daftari, andika:

git shortlog -s -n

Utaona orodha ya majina, na idadi ya mabadiliko mbele ya kila jina.

Hapa naomba tusidanganyane. Idadi ya mabadiliko si kipimo cha kazi. Mtu anaweza kurekebisha koma thelathini akaonekana simba, na mwingine akakaa siku nne akitafuta hitilafu moja ambayo dawa yake ni mstari mmoja. Na tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, kuna ujanja mpya: mtu anaomba msimbo wa mistari mia tano, anaubandika, na daftari linasema ni wake. Kwa hiyo daftari peke yake halitoshi. Linahitaji mdomo.

Ndiyo maana jambo la nne ni hili: kutaneni mara moja kwa wiki, dakika ishirini tu, na kila mtu aonyeshe kipande chake kikifanya kazi kwenye skrini. Kuonyesha, si kusimulia. "Nimefika asilimia 90" isikubaliwe, kwa sababu ile asilimia 10 iliyobaki ndiyo hula muhula wote. Kama wiki hii uliweza tu kufanya fomu ifunguke na ihifadhi jina, tuonyeshe jina likihifadhiwa. Kisha mtu mwingine, si mwandishi, aeleze msimbo huo unafanya nini. Akikwama, mwandishi amsaidie. Mwandishi naye akikwama, basi wote mmejua, na mmejua mapema, wiki ya nne badala ya wiki ya kumi na mbili. Umeusaidiwa na mashine? Sawa, hata kazini tunasaidiwa. Lakini usichoweza kukieleza si chako.

Na yule asiyefanya kazi je? Kabla ya kumhukumu, muulize. Nimesoma na watu waliokuwa wakingoja mkopo wa HELB huku wamefungiwa nje ya mtihani. Nimesoma na watu wasiokuwa na laptopu, wakitegemea maabara inayofungwa saa kumi na moja. Wengine walikuwa wakifanya kibarua usiku. Na wengi zaidi ya hao walikuwa na aibu tu: walikosa kuelewa somo la mwaka wa kwanza, sasa wako mwaka wa tatu, na wanaona afadhali waitwe wavivu kuliko waitwe wajinga. Mtu wa namna hiyo ukimpa kipande kikubwa atakimbia. Mpe kipande kidogo, kaa naye saa moja, muandike pamoja, na jina lake liingie kwenye daftari kwa haki. Baada ya hapo, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Akilikataa jembe? Hapo ripoti iseme ukweli. Wekeni ukurasa mmoja unaoeleza nani alifanya nini, na kila mtu atie sahihi. Muhimu ni kwamba mkubaliane kuhusu ukurasa huo siku ya kwanza, wakati hakuna aliyekosa. Ukiletwa wiki ya mwisho utakuwa kisasi. Ukiletwa siku ya kwanza ni kanuni, kama faini ya kuchelewa kwenye mkutano wa chama.

Lakini kuna mtu mwingine ambaye hatumsemi kamwe, maana tunampenda. Ni shujaa. Yule anayejua kila kitu, anayesema "niachieni tu", anayeandika upya kazi za wenzake usiku bila kuwaambia kwa sababu hazikumpendeza. Kwa maoni yangu shujaa anakiharibu kikundi sawa na mvivu, na mara nyingine yeye ndiye anayemzaa mvivu. Nani atajisumbua kuandika kitu anachojua kitafutwa alfajiri? Shujaa naye anatoka chuoni akiwa amejifunza somo baya: kwamba wenzake ni mzigo. Akifika kazini, mahali ambapo hakuna mfumo unaoandikwa na mtu mmoja, anashangaa kwa nini hakuna anayetaka kukaa naye meza moja. Shujaa akiona kazi mbovu, aandike maoni na mwenyewe airekebishe. Ni polepole, najua. Lakini chuo ni mahali pa kujifunza.

Sasa niwageukie wahadhiri, kwa heshima zote, kwa sababu ufunguo uko mikononi mwao.

Alama moja kwa watu wanane ni dhuluma mara mbili. Inamdhulumu aliyefanya kazi, na hilo kila mtu analiona. Inamdhulumu pia aliyebebwa, na hilo huonekana baadaye. Siku hizi kazini huwa nakaa upande wa wanaouliza maswali wakati wa mahojiano. Kijana anakuja na shahada safi na orodha ya miradi. Namuuliza kuhusu mmoja. Anajibu, "Tulitengeneza mfumo wa kusimamia hospitali." Vizuri. "Tuliweka malipo, tuliweka ripoti za kila mwezi." Vizuri sana. Kisha nauliza, "Na wewe mwenyewe uliandika nini?" Hapo "tuli" inakataa kugeuka kuwa "nili". Kiambishi kimoja tu, na chumba kizima kinanyamaza. Si mtu mbaya. Si mjinga. Miaka minne hakuna aliyemuuliza swali hilo, na siku ya kuulizwa kwa mara ya kwanza ni siku ambayo anahitaji kazi ili awasomeshe wadogo zake.

Najua jibu la wahadhiri: darasa lina watu 160, mimi ni mmoja, nitawauliza lini? Haya, tupige hesabu. Watu 160 kwa vikundi vya wanane ni vikundi 20. Kila kikundi kikipewa dakika 15, ni saa tano. Kwa vikundi vya wanne ni vikundi 40, saa kumi. Tofauti ni saa tano kwa muhula mzima, na zinaweza kugawanywa kwa wiki mbili au tatu. Katika dakika hizo 15 hakuna haja ya maonyesho ya slaidi. Mhadhiri afungue daftari la Git, achague mtu yeyote, achague kipande chochote, aseme, "Nieleze hapa." Kisha amwambie abadilishe kitu kidogo papo hapo: faini iwe shilingi 10 kwa siku badala ya 5, na wikendi zisihesabiwe. Anayeujua mfumo atapata mahali pa kugusa kwa dakika tatu. Asiyeujua atatazama dari. Nusu ya alama iwe ya mfumo wa kikundi, nusu iwe ya maelezo ya mtu binafsi. Hapo hakuna haja ya kuwinda wavivu, kwa sababu kila mtu atakuwa na sababu ya kuelewa kazi ya wenzake.

Wengine watasema hii ni kuua udugu, kwamba wanafunzi wameumbwa kusaidiana. Mimi naona kinyume. Udugu wa kubebana hufa siku alama zinapotoka, na nimeona marafiki wa mwaka wa kwanza ambao hawakusalimiana siku ya mahafali kwa sababu ya mradi mmoja. Vyama vya mama zetu vimedumu miaka ishirini, thelathini, na wenyewe ni majirani, mashemeji na mahasimu wa kanisani. Kilichovishikilia si upendo peke yake. Ni daftari la shilingi hamsini, linalofunguliwa mbele ya wote kila mkutano.

Kwa hiyo wewe unayeanza muhula, usingoje mhadhiri abadilike. Kabla hamjatafuta jina la ukumbi wa WhatsApp, fungueni hazina ya Git, wekeni majina yenu halisi, chagueni siku ya zile dakika ishirini, na kila mmoja achukue kipande anachoweza kukionyesha wiki ijayo hata kama ni kidogo. Wiki ijayo ikifika, anzeni na kipande cha yule anayenyamaza zaidi.